Koki ya Mafuta ya Taa

Asubuhi ile ya Juni haikuwa na neno. Upepo wa Usangu ulikuwa bado haujaamka, ng'ombe walishatoka zizini, na wanawake wa kijiji walikwisha kupanga madebe yao ya mahindi mbele ya banda la mashine, kila mmoja akijua nani yuko mbele yake na nani yuko nyuma. Helena alikuja na funguo kiunoni, akawasalimu, akafungua kufuli, akaingia kuwasha injini.

Injini ile ilikuwa na matangi mawili: dogo la petroli, kubwa la mafuta ya taa. Huwashwa kwa petroli, maana mafuta ya taa hayashiki moto injini ikiwa ya baridi. Ikishapata joto unageuza koki, nayo inaendelea na mafuta ya taa mpaka jioni. Na jioni, kabla ya kuzima, ni lazima urudishe koki kwenye petroli, uiache ingurume kidogo ili kabureta ilale na petroli. Ukizima bila kurudisha, kesho yake utapiga hendeli, chuma pekee cha kuiwashia, mpaka mabega yafe ganzi. Fundi aliyeileta kutoka Ipogolo aliwafundisha hivyo watu wawili: Bujiku, na Helena mdogo wake. Bujiku, aliyezoea mkono wa kushoto, alikuwa msahaulifu, kila mara akigombezwa kwa ajili ya koki hiyo. Helena hakuwahi kusahau.

Mwezi Machi Bujiku alikufa kwa homa ya ghafla. Tangu hapo mashine ilikuwa ya Helena peke yake.

Alipiga hendeli. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena. Ikanyamaza.

"Huyo mumeo leo kaamka na kisirani," mwanamke mmoja alisema kutoka kwenye foleni.

"Mwache, hajanywa chai," mwingine akajibu, wakacheka.

Helena hakucheka. Alianza kukagua kimoja baada ya kingine, kama alivyofundishwa. Petroli imo. Plagi aliifungua, akaifuta, akaijaribu, cheche ilikuwepo. Njia ya hewa ilikuwa safi. Mwisho akalegeza skrubu iliyo chini ya kabureta, akakinga kiganja. Kilichodondoka hakikukauka haraka kama petroli. Kilikaa, kikateleza, kikanuka kibatari.

Akatazama koki. Ilikuwa imeelekea mafuta ya taa.

Jana yake aliirudisha. Alikuwa na hakika, kwa sababu baada ya kuirudisha huigusa mara ya pili, ndivyo alivyo. Kwa hiyo kuna mtu aliyeiwasha mashine baada yake, akasaga anachosaga, akaizima vibaya.

"Mashine inachoka kama mtu," bibi mmoja alisema kwa sauti ya chini, kama aliyesikia mawazo yake. "Inasaga mchana, halafu inasaga tena."

"Inamsagia nani?"

"Muulizeni Roza. Tangu mumewe afe, mmemwona kwenye foleni hii?"

Hakuna aliyecheka tena. Ilikuwa kweli. Roza, mjane wa Bujiku, hakuwa amekanyaga bandani tangu matanga, lakini ugali haukukosekana kwake.

Helena alimwaga yale mafuta, akajaza petroli, injini ikawaka kwa mpigo mmoja. Lakini kesho yake ilikuwa vilevile. Na kesho kutwa. Akabadilisha kufuli. Vilevile. Akaanza kumtazama wifi yake kwa jicho la pembeni: vidole vyake, kanga zake, unga kwenye chungu chake. Roza alisema anatwanga kwenye kinu. Helena alikiangalia kinu. Kilikuwa na pumba mbichi. Hilo nalo halikumtuliza. Pumba mtu anaweza kuziweka.

Katibu wa kijiji, Joachim, alimfuata bandani.

"Dada Helena, watu wananong'ona. Mkutano ni Jumamosi. Wewe ndiye unayeijua mashine hii. Ukisema ni Roza, ataondoka arudi kwao kaskazini."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wa kwenu. Ng'ombe wa mahari walishatoka."

Mtoto alikuwa bado ananyonya. Helena alikaa na neno hilo mchana kutwa. Akiwa amekosea, atakuwa amemnyang'anya mama mtoto wake kwa sababu ya koki.

Ijumaa jioni alirudisha koki kwenye petroli, akaigusa mara ya pili, akazima. Akachomoa hendeli, akafunga kufuli, akaibeba hendeli hadi kwa Roza.

"Wifi, leo njoo ulale kwangu. Wewe na mtoto."

Roza aliitazama ile hendeli. "Unanilinda au unanichunga?"

"Vyote viwili."

"Haya. Afadhali umesema."

Walilala mkeka mmoja, komeo limeshushwa, hendeli katikati yao. Kulipokucha ilikuwa palepale, baridi. Roza naye alikuwa palepale, ananyonyesha.

Wakaenda pamoja. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Kufuli lilikuwa limefungwa. Helena akalifungua. Akaweka mkono juu ya injini.

Akautoa upesi.

Ilikuwa na joto.

Koki ilikuwa imeelekea mafuta ya taa. Kwenye mwanga ulioingia mlangoni, vumbi la unga lilikuwa bado linaelea. Halijatua.

"Wifi," Roza alinong'ona. "Nani alikuwa hakumbuki kurudisha koki?"

Helena aliirudisha koki kwenye petroli.

"Ndiyo maana siji hapa. Nilikuja mara moja, baada ya matanga. Banda lilikuwa tupu. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya mkanda wa mashine." Alimbana mtoto kifuani. "Kikohozi kile nimelala nacho miaka yote. Nikarudi nyumbani, nikatafuta kinu."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe?"

Mkutanoni watu walijaa mpaka nje ya kivuli. Roza aliketi mbele, mtoto mgongoni. Helena aliposimama, alikwisha kuyapima maneno yote. Akisema injini ilikutwa na joto bila hendeli, watasema Bujiku hakuzikwa, lilizikwa gogo la mgomba. Wakisema hivyo, watauliza ni nani anayemfuga na kumtumikisha. Na wa kwanza kuulizwa ni mjane.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nasahau kurudisha koki."

Joachim alimtazama. "Wewe? Usahau?"

"Msiba ulinichanganya, ndugu Katibu."

Watu waliguna. Funguo zilichukuliwa palepale, akapewa Andendekisye, kijana aliyewahi kufanya kazi gereji moja ya Mwanjelwa. Helena alimfundisha kila kitu, koki mara tatu. Roza alirudi nyumbani kwake na mtoto wake, wala hakuna aliyemtaja tena.

Tangu siku ile mashine haikugoma. Watu wakasema, kumbe kweli alikuwa Helena. Naye aliliacha liwe hivyo. Lililomsumbua ni uchovu tu. Alikuwa akilala mapema na kuamka viungo vimelegea, kama mtu aliyetoka kulima.

Agosti, Andendekisye alimfuata uani, akakataa kiti.

"Dada, inawaka vizuri. Koki naikuta kwenye petroli, kama ulivyonifundisha. Ila mafuta ya taa hayakai. Naliacha tangi limejaa, asubuhi limeshuka."

"Labda linavuja."

"Nimelala chini yake nikapapasa. Pakavu." Akateremsha sauti. "Halafu kuna mtu anaifuta. Mimi siifuti hivyo. Mpaka kwenye nati."

"Kaza skrubu ya kabureta," Helena alimwambia. "Na usimwambie mtu."

Kijana alipoondoka, alienda kuepua sufuria jikoni. Maumivu yakamfanya aiachie. Akageuza kiganja kuelekea mwangani. Chini ya vidole, pale hasa hendeli inapokaa, kulikuwa na malengelenge mapya. Moja lilikuwa limepasuka. Alikinusa kiganja, kikanuka kibatari, akakiondoa haraka puani.

Hakuwa ameshika hendeli tangu alipomaliza kumfundisha Andendekisye.

Alisimama hapo mpaka moto ukafifia, asimwite mtu. Angeweza kujiambia ni jembe, au ni mchi. Lakini kiganja kilikuwa cha kushoto. Helena alifanya kila kitu kwa mkono wa kulia, tangu utoto. Kwao, aliyepiga hendeli kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.