Aliyevaa Hayupo

Hedifoni za tatu ndizo zilizokohoa.

Za kwanza zilikuwa ndogo, za kuchomeka ndani ya sikio, na mchoraji alizikataa kwa kuwa zilidondoka kila alipogeuza shingo. Za pili zilifunika sikio zima lakini zilivuja. Ukiweka wimbo, aliyekaa meza ya pili anausikia, na mchoraji alikuwa anatafuta amani ofisini, si ugomvi mpya. Za tatu zilikuwa nyeusi, nzito, zenye mito laini, na kuna mtu alikuwa amezirudisha dukani. Alipozivaa, kelele zote zilikatika. Kisha, mahali fulani nyuma ya ukimya ule, mtu akakohoa taratibu, kama anayesafisha koo kabla ya kusema neno.

Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

"Aliyezirudisha alisema zina ubovu gani?" aliuliza alipozivua.

"Hakusema," muuzaji alijibu huku akipangusa kaunta isiyo na vumbi. "Ila kwako nitapunguza."

Akanunua. Tusimcheke, nani kati yetu hajawahi kupofushwa na punguzo.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja, meza nne na dirisha moja lililogoma kufunguka. Yeye alichora ramani za nyumba. Mpimaji ardhi aliongea na simu kwa spika, dunia nzima isikie. Mhasibu waliyemwita Redio aliwaka asubuhi na hakuwa na kitufe cha kumzimia. Bosi, aliyechoka kuamua kesi za kelele, alikuwa ameweka sheria: aliyevaa hedifoni hayupo. Asiitwe, asiguswe. Mteja akimuulizia aambiwe hayupo, hata kama anamwona pale ameketi. Mwanzoni waliicheka sheria hiyo, baadaye wakaizoea, na hata wateja walijifunza kumtazama mtu machoni kisha wakarudi kesho.

Na kulikuwa na mama yake. Mama huyo, mjane, alipiga simu kila mchana na alikuwa na mengi ya kusema: bomba linavuja, jirani amemnunia, ameota ndoto isiyo na kichwa wala miguu. Mchoraji aliilaza simu kifudifudi na kuongeza muziki. Alimpenda mama yake, tuseme hivyo kwa sababu ni kweli. Ila alimpenda zaidi akiwa kimya.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Kisha wimbo mmoja ulikwisha, na aliyekuwa akiufuatisha kwa chini hakunyamaza. Sauti ya mtu anayeimba puani iliendelea kidogo, ikajishtukia, ikakoma. Kwenye mito ya hedifoni kulikuwa na harufu ya kitambaa kibichi kilichosahaulika ndooni. Aliifuta mito kwa sabuni. Harufu haikutoka.

Siku nyingine alizivua akamkuta Redio anajifuta machozi ya kicheko.

"Dada, kumbe una vichekesho hivyo?" Redio alisema. "Miaka yote hiyo ulikuwa umevificha wapi?"

"Sijasema kitu."

"Haya, endelea kunivunja mbavu."

Jioni hiyo mama yake alimpigia akiwa njiani kurudi nyumbani, sauti yake nyepesi kama ya msichana. "Mwanangu, leo umenifurahisha. Tangu baba yako atutoke sijaongea na mtu namna ile. Asante kwa kunisikiliza."

Mchoraji alisimama katikati ya watu. Simu yake ilionyesha kwamba mchana ule mama alipokelewa na mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko siku zote. Angeweza kusema, mama, yule hakuwa mimi. Alifungua mdomo, akasikia mama anavyocheka peke yake upande wa pili, akaufunga. Na kesho yake alizivaa tena. Hapo ndipo ninapomlaumu. Aliogopa, naam, lakini pia aliona kwamba kama kuna mtu wa kumpokelea simu, hasara yake yeye ni nini?

Hasara aliiona mapema. Siku moja mchana kweupe, Redio akisimulia na mpimaji akitafuna karanga, alitaka kuzivua akaona mikono yake haimsikii, inachora, inapokea simu, inampigia Redio makofi, na kinywa chake kinacheka meno yote nje wakati yeye mwenyewe yuko ndani kabisa, mahali penye giza na ubichi, hasikii muziki wala watu bali pumzi ya mtu karibu na shingo, pumzi iliyomsogelea, ikamsogelea, mpaka ikageuka maneno, na maneno yenyewe hayakuwa na hasira hata kidogo, yalisemwa kwa adabu, kama mpangaji anavyomweleza mwenye nyumba. "Wenzako walisema hupo. Kiti kilikuwa kitupu, nikakaa."

Alipopata nafasi ya kuwa yeye mwenyewe tena, alimvuta Redio hadi kwenye ngazi na kumweleza kwa kunong'ona. Kwa mara ya kwanza Redio alizimika.

"Shangazi yangu hutoa vitu hivi," alisema hatimaye. "Usimwambie bosi."

Shangazi alikuja Jumamosi, ofisi ikiwa tupu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka, asiye na madoido. Aliagiza mama mzazi aletwe, akaziweka hedifoni mezani, akashika kichwa cha mchoraji kwa mikono miwili na kusoma maneno kwa chini. Chumba kikajaa ile harufu ya ubichi. Kinywa kimoja kikaanza kutoa sauti mbili, moja baada ya nyingine, zinazofanana kama maji na maji.

"Mama, ni mimi."

"Mama, ni mimi."

Shangazi alikuwa anatokwa na jasho. "Naweza kumtoa mmoja na kumfungia mle alimotoka," alimwambia mama. "Lakini hakuna amjuaye mwanao ila wewe. Muulize jambo la kwenu wawili tu. Usiulize mambo ya utotoni, hayo wanaweza kuyaiba. Uliza la juzi juzi."

Mama alifikiri. "Jumanne nilikupigia nikilia," alisema polepole. "Nilikuambia nini?"

Mchoraji alitafuta. Alitafuta kila pembe ya kichwa chake na hakukuta kitu, kwa sababu Jumanne hakuwepo. "Mama, nakumbuka ulivyokuwa unanisuka nywele mlangoni," alisema kwa hofu. "Nakumbuka gauni la njano, nakumbuka ulivyonibeba nilipoungua mguu. Mama, nitazame."

"Sikuuliza hayo," mama alisema.

Kinywa kilekile kikasema, taratibu: "Ulisema daktari ameona uvimbe kwenye titi. Ukasema ulichelewa kuniambia kwa kuwa kila siku nina kazi nyingi."

Hivyo ndivyo mchoraji alivyojua. Alitaka kusema neno, lakini mama yake alikuwa tayari analia, ameushika uso ule kwa viganja.

"Huyu," mama alisema. "Huyu ndiye mwanangu. Mtoe huyo mwingine."

Shangazi alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri. Alizifunga hedifoni kwenye kitambaa akaondoka nazo kwenda kuzifukia. Njia nzima zililia kwa sauti ya mwanamke zikimwita mama. Shangazi hakushtuka. Amezoea, kwa maelezo yake wote hulia hivyo wakitolewa.

Jumatatu mchoraji alifika mapema, akamsalimia kila mmoja, akasikiliza kisa cha Redio mpaka mwisho. Mchana simu ilipoita, aliipokea mara moja na kuvuta kiti karibu na dirisha.

"Niambie mama," alisema. "Daktari amesemaje leo?"