Mto wa Machicha

Mto ulikuwa wa moto kabla fundi hajawasha pasi ya kuupashia.

Aliushika tena, akidhani vidole vimemdanganya. Moto kweli, joto la mtu mwenye homa. Akauweka tumboni hivyo hivyo, maana tumbo lenyewe halikumpa nafasi ya kuuliza maswali. Kwa miaka mingi, kila damu ya mwezi ilipokaribia, alijikunja juu ya cherehani akiuma kitambaa cha mteja. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina refu, kisha akaueleza kwa ufupi: nyama ya ndani ya mji wa mimba imeota nje, mahali pasipo pake. Akampangia upasuaji. Fundi akaogopa kisu, akakimbilia kwa Mama Mizizi, muuza mitishamba.

Mama Mizizi hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Dawa yangu itapunguza maumivu, mwanangu. Nyama iliyoota siing'oi. Hiyo kazi ya daktari, usiikimbie. Na machicha ukishachemsha usitupe, niletee niyarudishe chini ya mti nilikoichimba. Mti ule una mwenyewe. Sisi tumeazima tu."

Fundi akaitikia. Lakini fundi cherehani gani anarudisha kitu? Hata nyuzi za sakafuni hujazia mito. Machicha yalinukia vizuri. Akayaanika, akayashonea mto wa kukandia tumbo, mshono mara mbili.

Na sasa mto ulikuwa unapumua.

"Baba," alimwita mumewe kwa mnong'ono. "Njoo. Polepole."

Mumewe, fundi bomba, akatokea na spana mkononi. "Tumbo tena?"

"Weka mkono hapa."

Akaweka. Akautoa haraka. "Umeshonea paka humu?"

"Paka wa wapi! Machicha."

"Ya Mama Mizizi? Si alikwambia..."

"Najua alichoniambia! Mpigie simu!"

Akapiga, akaeleza kwa maneno mawili matatu. Fundi akajaribu kuubandua mto, ukagoma. Harufu nzuri ikageuka uvundo wa damu iliyolala. Mume akatupa simu, akaukamata mto kwa mikono miwili na kuuvuta, na hapo kitu kisichoonekana kikamnyanyua kwa shingo, kikambamiza ukutani, kikamrudisha, kikambamiza tena mpaka mkono ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu, huku cherehani ikikimbia yenyewe, sindano ikidunga hewa, na fundi akihisi vidole virefu vikipita katikati ya matumbo yake, vikipapasa kila kipande cha nyama kilichoota ovyo, kama mpangaji anayekagua vyumba.

"Nimeshonewa nyumba," ilisema sauti ndani ya tumbo. "Na humu mna nyama isiyo na mwenyewe. Naichukua yote, na kilichoshikana nayo."

Fundi akadaka mkasi, akauchoma mto. Ubavu wake mwenyewe ukapasuka, damu ikaruka mpaka dirishani.

"Usikate!" Mama Mizizi alikuwa mlangoni, anahema, kikapu kichwani. "Umeshona kwa mkono wako, fumua kwa mkono wako!"

Akafumua. Kila uzi uliotoka ulitoka na yowe, na kila yowe lilivunja kitu, kioo, kabati, jino la Mama Mizizi ambaye hata hivyo hakuachia kikapu, na fundi akaendelea kuchokonoa kwa wembe, vidole vikiteleza kwa damu yake, macho yamejaa machozi.

"Kwa nini umeshona mara mbili?" alilia mumewe kutoka sakafuni.

"Kazi yangu haifumuki ovyo!"

Uzi wa mwisho ukakatika. Machicha yakamwagika kikapuni yakitambaa kama siafu. Mama Mizizi akafunika kwa kanga, akakaza fundo, akatema damu.

"Mwenyewe, twende kwako," alikiambia kikapu. "Hujaibiwa. Umecheleweshwa." Akatoka mbio kuelekea kwenye mti, na uvundo ukamfuata.

Nyumba ikanyamaza. Mume akajikokota, akaubana ubavu wa mkewe kwa shati lake. Ndipo maumivu yakaja, yale ya zamani, yakianzia kiunoni na kushuka mapajani. Fundi akajikunja, akasikiliza. Hapakuwa na vidole. Hapakuwa na sauti.

"Lile dude limerudi?" mume alinong'ona.

"Hapana. Haya maumivu ni yangu." Akamshika kola. "Nipeleke kwa daktari. Leo hii, na kisu chake."