Barua za Q

"Makokha, hebu niambie, quagmire ni nini?"

Makokha, karani mkuu, alikuwa amekalia pembe ya meza ya simu, suruali yake pana ikifagia sakafu. Alijikuna kidevu.

"Kwani nani anauliza?"

"Mimi. Si uliniandikia, 'Tangu nikuone, moyo wangu umezama kwenye quagmire'?"

"Aaa, hiyo! Hiyo ni hoteli, mpenzi. Kubwa, ya ghorofa."

Nanyama alimtazama asiamini. Alikuwa opareta wa simu katika kampuni ya kupokea mizigo ya meli, hapo katikati ya Nairobi, na kila meneja alipokwenda kula mchana, yeye aliiazima kamusi iliyokuwa mezani kwake. Quagmire ni matope yanayomeza miguu. Sasa moyo gani unazama hotelini?

"Na hii nyingine? 'Wewe ndiye quay ninayotamani kutia nanga.'"

"Ndiyo! Wewe ndiye kwei yangu!"

Kwei? Kila siku ya Mungu Nanyama aliunganisha simu za Mombasa, na watu wa bandarini hulitamka neno hilo "kii", yaani gati la meli. Mtu aliyeandika barua tamu vile anakosaje kulijua neno lake mwenyewe?

Mwaka huo wa 1972 alikuwa amepata barua kumi na moja, zimepigwa taipu, hazina jina, zimefichwa chini ya daftari la simu. Hazikuwa na jina kwa sababu meneja alishawafukuza watu wawili kwa mapenzi ya ofisini. Ile ya kwanza ilipomchekesha peke yake, Makokha alikuwa anapita, akauliza, "Umeipenda barua yangu?" Basi, Nanyama akampenda. Hakupenda suruali wala cheo, jamani, alipenda barua. Na Jumamosi hiyo Makokha alikuwa anakuja na mjomba wake kumposa.

"Jumamosi iko palepale, ama?" Makokha aliuliza.

"Iko," Nanyama alijibu, na sauti yake haikuwa na raha.

Jioni, akirudi nyumbani, alisimama sokoni Dagoretti kwa Mama Peres, muuza njugu. Karatasi iliyofungiwa njugu ilikuwa ukurasa wa kamusi ya Kiingereza, maneno ya R. Nanyama alisoma huku akitafuna, mara akazikumbuka barua zake, akaacha kutafuna. Quagmire. Quay. Quaver. Quintessence. Barua kumi na moja, na kila neno la Kizungu lilianza na Q!

"Mama Peres, hii kitabu bado uko na Q yake?"

"Q ndiyo gani?"

"Zile karatasi zilikuwa mbele ya hii."

"Hizo zilienda, mama. Kuna kijana fulani mrefu, anafunga shati vifungo mpaka kooni. Alikuta nimeng'oa kutoka mwanzo mpaka hapo, akaniomba nimuachie kidogo. Akaniletea magazeti ya mwezi mzima, nikamkatia hizo. Sasa kila asubuhi anapita hapa akisoma kama padri. Juzi amegonga punda."

Nanyama alimjua huyo. Were, kijana wa mafaili kule ofisini, ghorofa ya chini, ambaye hakuwahi kumwambia neno zaidi ya "Habari ya asubuhi, dada."

Ijumaa, kabla hata ya kuvua koti, alichomeka waya wa simu ya mafaili.

"Haloo, mafaili."

"Were, quaver ni nini?"

Kitu kikaanguka huko chini, kishindo cha kabati zima.

"Ni... ni sauti ku... kutetemeka, dada."

"Kama hiyo yako?"

"Ka... kama hii."

Nanyama alifumba macho. Furaha na hasira zilimjia kwa pamoja, akashindwa aanze na ipi. Akaanza na hasira.

"Mbona umenyamaza mtu akijifanya ni yeye aliandika?"

"Niliona mnacheka pamoja. Nikasema, kama umefurahi, basi..."

"Basi nini? Niolewe na mwingine kwa maneno yako? Were, wewe ni mjinga kabisa! Kesho saa nane, kwa shangazi yangu Hannah, kule Mutuini. Kuja na hizo karatasi. Usipokuja, mimi nitaposwa, na hiyo itakuwa juu yako."

Akachomoa waya kabla machozi hayajamsaliti.

Jumamosi saa nane Makokha alikuwa kwenye kochi la shangazi Hannah, pamoja na mjomba wake aliyevaa koti zito kwenye jua lote lile. Shangazi alileta ugali na kuku, na kama ilivyo desturi kwao, firigisi ilitua kwenye sahani ya mgeni wa heshima, yaani Makokha. Were hakuonekana. Nanyama alichungulia dirishani mara nne, kisha akaona heri amalize mwenyewe.

"Makokha, kabla hujala hiyo. Barua zako zote, maneno ya Kizungu yanaanza na herufi gani?"

"Si... herufi mbalimbali tu. A, B..."

"Hujasoma hata moja."

"Nanyama! Mbele ya wazee?"

"Hodi!"

Alikuwa Were, jasho likimtiririka, shati limefungwa mpaka kooni, kurasa zake zimefungwa kwa kamba ya katani.

"Samahani, shangazi. Nilipotea njia, halafu nikaogopa, halafu nikaja."

Nanyama alizifungua kurasa mbele ya wote. Quagmire, imepigiwa mstari wa penseli. Quay, mstari. Na kando ya kila mstari, kwa herufi ndogondogo, jina lake: Nanyama, Nanyama, Nanyama. Makokha aliangalia viatu vyake.

"Ni kweli?" mjomba aliuliza.

"Mjomba, mimi niliona barua haina mwenyewe..."

"Mwenyewe si huyu! Umenivalisha koti joto hili lote kuja kuposa na barua ya mtu? Simama twende." Kisha mzee akamtazama kuku. "Tukimaliza kula."

Nanyama alimgeukia Were.

"Na wewe. Barua kumi na moja, hujaniambia hata siku moja kama unanipenda. Kwa nini?"

"Hiyo neno iko kwa L," Were alijibu kwa huzuni. "Mama Peres alikuwa ameshafungia watu njugu."

Mjomba alicheka mpaka akavua koti.

"Sema basi bila kamusi," Nanyama alimwambia.

Were aliweka kurasa chini. Safari hii hakutetemeka.

"Nakupenda, Nanyama."

Shangazi Hannah alinyanyua firigisi kutoka sahani ya Makokha, akaiweka kwenye sahani safi, akaisukuma mbele ya Were.