Mmea wa Shambani kwa Ngendo

Haya yalimpata rafiki yangu Ngendo wa Ruiru, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwafunga watu bila kesi. Asubuhi askari walipomchukua mumewe Ephantus, Ngendo aliwaomba wangoje kidogo, akamshonea kifungo cha koti kwa uzi wa kusukia kiondo, maana hakuwa na mwingine. Ephantus akafungwa kisiwani, Pwani, na mwishowe barua zake zikakoma.

Ndipo kando ya maharagwe ukaota mmea unaotambaa, majani yake yamepasuka ncha kama kwato za mbuzi. Hakuna jirani aliyeujua. Alipopata ruhusa ya kwenda Thika, Ngendo, mtoto wao mgongoni, alimpelekea jani Mwanarusi, muuza dawa kutoka Lamu.

"Umelitoa wapi, mwanangu?"

"Shambani kwangu, mama."

"Huko? Huu huota mchangani, ufuoni tu."

Ngendo akacheka. "Basi bahari imenitembelea! Labda ni salamu za baba mtoto."

Mwanarusi hakucheka. Alimkaza mtoto vizuri mgongoni kwa mama yake, akamtia kipande cha sukari guru mkononi.

Jioni giza lilipotanda, Ngendo alisikia nje mvumo ukija na kurudi, kama maji mengi. Bahari hakuwahi kuisikia. Alitoka akipapasa, akaushika mmea, akauvuta. Kwenye ule udongo mwekundu, mizizi ilitoka na mchanga mweupe, uliolowa. Ilikuwa imekumbatia kitu kigumu.

Alikisogeza karibu na moto. Kilikuwa kifungo cha koti, bado kina uzi wa kiondo.