Dau Dogo la Dalali

"Ukifuata hilo dau, hakuna harusi."

Alisema kwa sauti, mbele ya watu tisa, akiwa ameshasukuma chipu zake zote za dau katikati ya meza. Mchumba wangu huyo. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja anioe.

Kinyozi, mwenye chumba na mgawa karata wa siku hiyo, alishusha miwani.

"Dalali, hapa tunacheza poka. Hatuchezi ndoa."

"Naongea na mchumba wangu, siongei na wewe."

"Basi kaongee naye nyumbani. Binti, zamu yako. Unafuata au unatupa?"

Ngoja niwaeleze. Mimi ni fundi rangi wa magari, kucha zangu hazijawahi kuwa za rangi moja. Yeye ni dalali wa nyumba, na kwa mdomo ule anaweza kukuuzia choo ukaamini ni sebule. Kila Jumapili mchana tunapanda chumba kilicho juu ya saluni ya Kinyozi kucheza poka, ile ambayo dau halina kikomo: ukitaka unaweka chipu moja, ukitaka unamwaga zote, na mwenzako ama anafuata kwa kuweka kiasi hichohicho, ama anatupa karata na kukubali kushindwa. Siku hiyo ilikuwa fainali. Mshindi anakwenda kuiwakilisha klabu yetu kwenye mashindano makubwa, na tulikuwa tumebaki wawili tu, mimi na yeye.

Karata za wazi mezani, za kutumiwa na wote wawili, zilikuwa mfalme, kumi, saba, nne na mbili. Mimi mkononi nilikuwa na kumi nyingine, basi, jozi ya kumi. Kama yeye alikuwa na mfalme mwingine, jozi yake inaila yangu, nimekwisha.

Na kosa nililifanya mwenyewe. Miezi miwili nyuma, mapenzi yakiwa yamenipanda kichwani, nilimpa siri ambayo mcheza poka mwenye akili hampi mtu.

"Unajua nakusomaje?" nilimwambia siku hiyo.

"Machoni?"

"Macho yako ya kidalali hayana msaada. Nakusoma kwenye dau. Ukiwa na karata nzuri unaweka kidogo, unanibembeleza nifuate. Ukiwa mtupu unamwaga zote ili nikimbie."

Alicheka, akanibusu kwenye paji la uso. Kuanzia Jumapili iliyofuata akaanza kunichanganya, mara akiwa nazo anamwaga, mara akiwa hana anaweka kidogo. Kwa hiyo lile rundo mbele yangu lingeweza kuwa chochote.

"Tunakusubiri, mama," alisema, akitabasamu.

Nikaangalia tena. Katikati palikuwa na chipu arobaini. Yeye kaweka mia tatu, na juu ya hizo mia tatu kaweka ndoa. Kwa nini? Mtu mwenye mfalme anataka nimfuate. Atanipangia bei ninayoimudu, tena atanyamaza kimya asinishtue. Huyu alikuwa ametafuta bei ambayo alijua moyo wangu hauwezi kuilipa.

Nilikuwa nampenda. Nisije nikaonekana jasiri bure, nilizihesabu chipu zangu mara mbili kwanza.

"Umenisikia nilichosema?" aliuliza.

"Nimekusikia vizuri sana. Nafuata."

Kinyozi akamwonyesha kwa kidevu.

"Dalali, fungua."

Hakufungua. Kinyozi akazigeuza mwenyewe. Tano na sita! Alikuwa anasubiri mfuatano uliokosa karata moja. Hana jozi, hana mfalme, hana kitu.

"Fainali imekwisha," Kinyozi alitangaza. "Anakwenda binti."

Pale dirishani marafiki zake watatu walianza kusukumana. Mmoja, yule fundi viatu mwenye cheko la karibu, akashindwa kujizuia.

"Dalali, kreti yetu lini?"

"Nyamaza wewe!"

"Kreti gani?" niliuliza.

Watu wakaanza kuangalia dari. Kinyozi akavua miwani kabisa.

"Binti, mimi siwezi kulala na hili. Asubuhi nilikuwa namnyoa. Akawaambia hawa, 'Leo mtaona, nikimkoholea tu anatupa karata.' Wakawekeana kreti ya soda kwamba utamtii."

Nilimgeukia mchumba wangu.

"Soda?"

"Ulikuwa utani wa wanaume."

"Umeweka harusi yangu mezani kwa ajili ya soda?"

"Na wewe umenidhalilisha mbele za watu!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Nilichosema nimesema. Hakuna harusi!"

"Ufunge mlango vizuri, kitasa kinasumbua," nilimwambia.

Alipoteremka ngazi ndipo nikalia. Nililia kweli, na Kinyozi akanipa taulo la wateja nijifutie.

Jioni ile simu ikaita. Shangazi yangu, aliyenilea tangu mama afariki.

"Mwanangu, ninayoyasikia ni kweli? Kadi zimeshagawiwa! Ukumbi umelipiwa!"

"Ni kweli, Shangazi."

"Sasa ungeshindwa tu, ungepungukiwa nini? Mwanaume anaachiwa kidogo."

"Hakuniomba nimwachie, Shangazi. Alinitisha."

"Muombe radhi yaishe."

"Siombi."

"Kichwa hicho umekirithi kwa baba yako," alisema, akakata.

Kesho yake zikaanza kuingia meseji. Ya kwanza ilijaza kioo chote cha simu: "Malkia wangu, pumzi yangu, bila wewe mimi ni nyumba isiyo na paa. Nimeshakuonea kiwanja cha kona. Nitakujengea ghorofa, nitakununulia gari, nitapiga magoti mbele ya klabu nzima. Naapa sitakuudhi mpaka kufa."

Niliisoma nikiwa nimechuchumaa kando ya gari, nikaendelea kupiga msasa. Alhamisi akatuma ndefu kuliko hiyo, sasa ghorofa limekuwa na bwawa. Sikujibu hata nukta.

Jumamosi akaja gereji. Hakuleta maua wala wajomba. Alisimama pembeni ya kopo la rangi, shati halijapigwa pasi.

"Nilikosea," alisema.

"Endelea."

"Niliogopa. Jinsi wanavyokusifia pale. Jinsi unavyonisoma mpaka ndani. Nilitaka siku moja tu ionekane mimi ndiye ninayekuongoza."

Nilivua barakoa. Miaka miwili nilikuwa nayasubiri maneno mafupi hivyo kutoka kwake.

"Ahsante kwa kuniambia ukweli," nilisema.

"Unanipenda bado?"

"Nakupenda."

"Basi tuendelee na harusi. Hakuna kilichoharibika." Akanishika mkono wenye rangi, bila kujali kuchafuka. Halafu akasema polepole, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi: "Ila usiende yale mashindano. Hayo tu. Na Jumapili tukae nyumbani. Kitu kidogo tu, mke wangu."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Hakukuwa na kelele wala kiapo wala ghorofa. Aliweka kidogo, kwa upole, tena bei ninayoimudu kabisa. Safari hii hakuwa mtupu. Kutaka kuniongoza ndiyo karata aliyoishika siku zote, na angeishika mpaka tunazeeka.

Nikautoa mkono wangu taratibu, nikaivua pete, nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Unafanya nini?"

"Natupa karata."

"Kwa ajili ya mchezo? Umesema unanipenda!"

"Nimesema, na sijafuta. Nakupenda, na siolewi na wewe."

"Utajuta!"

"Huenda. Lakini nitajuta nikiwa nimekaa ninapotaka."

Alisubiri nibadilike. Niliwasha mashine ya upepo ya kupulizia rangi, ikanguruma, akaondoka.

Nilipomaliza mlango wa gari niliokuwa naupiga rangi, nikampigia Shangazi.

"Shangazi, pete nimerudisha."

Nilisikia kiti kikisukumwa. Nilijua anakaa chini.

"Amekupiga?"

"Hapana. Ameniomba vizuri."

"Alikuombaje?"

Nikamwambia neno kwa neno, pamoja na lile "kitu kidogo tu". Alivuta pumzi ndefu.

"Mume wangu naye alianza hivyohivyo," alisema. "Mimi nilikuwa naimba kwaya."

Sikuwahi kujua. Miaka yote ile nyumbani kwake, sikuwahi kumsikia akiimba.

"Na ukumbi?" aliuliza baadaye, sauti imebadilika.

"Umeshalipiwa. Waalike watu walewale, Shangazi. Nitakuwa nimetoka mashindanoni. Nikishinda tutakula, nikishindwa tutakula."

"Na wakiuliza bwana harusi yuko wapi?"

"Waambie hayupo. Halafu waimbie."