Kidole cha Nicolas

Pale mafunjo yanapoachana na kufanya njia tatu za maji, Chadrack alizima mota ya mtumbwi na kumgeukia Nicolas. Hakumgeukia Henriette, ingawa Henriette ndiye aliyekuwa na barua kifuani, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na ndiye aliyezisoma kwa miaka sita mpaka akazijua kwa moyo. Mvuvi huyu wa Kapolowe, mtu mzima mwenye mvi, alivua kofia mbele ya kijana wa miaka thelathini na miwili.

"Nkambo," alisema, "weye njo ulikalaka huku. Tupite wapi?"

Nicolas huyu hakuwahi kukaa huko hata siku moja. Aliyekaa ni Nicolas mwingine, kijana wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa enzi za Wabelgiji. Yule alisambaza karatasi za kudai uhuru, akasakwa na polisi, akajificha kwenye visiwa vya ziwa Tshangalele, na huko akafa mwaka 1959, hajatimiza miaka ishirini na miwili. Lakini katika ukoo wao anayepewa jina la marehemu hupewa na kiti chake. Bibi Georgette, dada mdogo wa marehemu, alimwita mjukuu wake huyu yaya, yaani kaka mkubwa, na kumsalimu kwa kupiga magoti. Naye Nicolas alimwita bibi yake Georgette, kavu kavu, na watu wakaona ni sawa. Henriette, mjukuu mwingine wa Bibi, alimpita kwa miaka miwili, lakini alilazimishwa kumwita nkambo, kama anavyoitwa babu au bibi, tangu enzi walipokuwa wakioga kwenye beseni moja. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya Nicolas bila mjadala.

Tusizunguke: Henriette alimwonea wivu. Alimwonea wivu asubuhi akimwona, na jioni akimkumbuka. Yeye ndiye aliyekwenda kubisha milango ya wazee, aliyepata barua za marehemu kwenye sanduku lililoliwa na mchwa, aliyeandika daftari nne za maisha yake. Nicolas aliuza vipuri vya pikipiki na hakujua hata marehemu alizaliwa mtaa gani. Siku mbili mbele, tarehe nne Januari, siku ya mashahidi wa uhuru, ukoo ungekutana Likasi kumkumbuka shujaa wao, na atakayesimama kusema ni Nicolas. Bibi alitaka siku hiyo udongo wa kaburi uwepo. Mwenye jina tu ndiye anayeruhusiwa kuushika, na mwalimu Henriette tu ndiye anayejua kaburi liko wapi. Ndiyo maana walitumwa wote wawili, mmoja kama chifu na mwingine kama ramani.

Nicolas aliyatazama maji kwa muda mrefu, uso mzito, kama mtu anayekumbuka. Kisha akainua kidole na kuonyesha kushoto, kwenye maji mapana.

Henriette alijua kuwa si huko. Barua ya mwisho ilisema wazi: kulia, ile njia nyembamba, ukiwa umekiangalia kilima chenye mawe mekundu. Acha apotee, aliwaza. Acha azunguke saa mbili, arudi hapa jua likiwa utosini, aniombe mbele ya huyu mvuvi. Akanyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa kutamu.

Saa nane mchana mvua iliwakuta katikati ya maji mapana. Kwanza upepo, kisha wingu likashuka likafuta kingo zote za ziwa. Mawimbi yaliingia kwa ubavu. Chadrack akapiga kelele wateke maji, nao wakateka, Henriette kwa kopo na Nicolas kwa kiatu. Wimbi la tatu likajaza mtumbwi, la nne likaupindua. Mota ilikuwa bado inanguruma iliposombwa pamoja nao, na kabla haijazimika panga lake la kusukuma maji lilipita kwenye mguu wa Nicolas.

Nicolas hakujua kuogelea. Tangu utotoni alikatazwa maji, kwa kuwa ukoo uliamini marehemu alipigwa risasi akaanguka ziwani kabla ya wavuvi kumzika, na jina halipaswi kufa mahali pamoja mara mbili. Henriette, ambaye hakuna aliyejali anazama au anaelea, alikuwa amejifunza mtoni na wavulana. Alimkamata kwa kola ya shati. Chadrack alikamata dumu tupu la mafuta. Wakashikamana watatu kwenye dumu moja, wakimeza maji, mpaka upepo ukawatupa kwenye kisiwa cha mafunjo yanayoelea: mizizi na matope yaliyoshikana, upana wake haufiki nyumba mbili. Kila walipokanyaga palibonyea na maji yakapanda mpaka magotini.

Walivunja mafunjo, wakayalaza kwa safu, juu yake safu nyingine, mpaka wakapata pa kumlaza Nicolas pasipozama. Nyama ya mguu ilifunguka kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Henriette alivua kitenge chake, akakichana vipande viwili. Kimoja alikaza jeraha nacho, akalikandamiza kwa mikono yote miwili hadi vidole vikafa ganzi. Damu ilipopungua aliacha kipande cha pili kiloe mvua, akakikamulia kwenye kopo ambalo mkono wake haukuliachia ziwani, akamnywesha.

Kulipokucha ziwa lilikuwa limetulia, jeupe, na hakuna ukingo uliokuwa ukionekana. Chadrack alilitazama jua likichomoza, akatazama mkondo wa maji, akasema ataogelea na dumu kuelekea kusini mpaka akutane na nyavu za watu. Akamwambia Henriette asiinywe maji ya ziwa, ya upande huu yanakuja na uchafu wa kiwanda. Anywe ya mvua tu. Akimwona mamba apige maji kwa fimbo kwa nguvu, asikimbie, kwa sababu pa kukimbilia hapapo. Kisha akamwinamia Nicolas, akamwita nkambo, akamwomba ruhusa ya kuondoka. Hata hapo, kijana akitetemeka kwa homa na midomo imepasuka, ruhusa iliombwa kwake. Henriette aliona wivu wake bado uko mzima, haukuzama na mtumbwi, na aliuonea haya kwa mara ya kwanza.

Wakabaki wawili. Jua lilipanda likawachoma. Ruba walikuwa wamejishikiza kwenye miguu yote minne, na Henriette aliwabandua mmoja mmoja. Aling'oa mafunjo machanga, akayamenya, wakatafuna ile sehemu nyeupe ya chini yenye utamu kidogo na kutema nyuzi. Kopo lilikuwa na maji ya kufunika vidole viwili tu. Alimpa Nicolas funda, yeye mwenyewe akalowesha ulimi tu. Nzi walikuwa wengi juu ya kitenge, na mguu ulivimba hadi ngozi ikang'aa.

Saa tano hivi Nicolas alianza kusinzia, ule usingizi wa mtu anayejiachia. Henriette akamzaba kofi.

"Usilale. Ongea tu."

"Niongee nini?" Alikuwa analia bila sauti. "Ni marehemu mwenyewe ananikatala. Minye njo nilionesha njia. Sikujua kitu. Niliogopa kusema kama sijue."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa Henriette pa kusema. Neno lilikuwa kinywani, fupi tu: minye nilijua. Alimtazama Nicolas, aliyelala kwenye matope akiomba msamaha kwa mfu, na neno likarudi chini. Akijua, aliwaza, atakata tamaa kabisa. Hilo lilikuwa kweli kidogo. Kweli zaidi ni kwamba aliogopa.

Badala yake akaanza kumsimulia. Alimwambia kuwa Nicolas wa kwanza alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shaba, kwenye chumba kimoja cha watu tisa. Alisoma kwa mapadri, akaajiriwa kuandika majina ya wafanyakazi, na huko akaona kwamba Mzungu na Mweusi wakifanya kazi ileile wanaandikwa kwenye daftari mbili tofauti. Akaanza kwenda kwenye mikutano ya siri nyuma ya duka la fundi cherehani. Akapewa kazi ya kupeleka karatasi za uhuru kwa baiskeli kutoka Jadotville mpaka Mulungwishi na Kapolowe, zimefichwa chini ya gunia la samaki wakavu, na askari wa vizuizini walimruhusu haraka kwa ajili ya harufu.

"Hakutupa bomu?" Nicolas aliuliza. Ukoo ulikuwa umemwambia kuna bomu.

Hakuna bomu, Henriette alisema. Kulikuwa na samaki. Na tena aliwalalamikia wenzake kwenye barua, kila barua, kwa sababu rafiki yake Willy ndiye aliyepewa kusimama kwenye meza na kuhutubia, na yeye abaki kunuka. Aliandika kwamba akimsikia Willy akipigiwa makofi, anatoka nje asisikie.

Nicolas alicheka, kicheko kilichogeuka kikohozi. "Kumbe naye iko na wivu," alisema. Aliomba aambiwe zaidi, na macho yake yakabaki wazi.

Basi akamwambia kuhusu siku polisi walipokwenda kambini alfajiri. Kijana akatorokea dirishani akiwa na shati la baba yake, akatembea siku mbili kwa miguu akipitia mashamba ya mihogo, na wavuvi wa Kapolowe wakamvusha. Aliishi kwenye visiwa miezi minne, akiwafundisha watoto wa wavuvi kusoma kwa zile zile karatasi zilizokatazwa. Kila ndege iliporuka alijilaza ndani ya mafunjo kama haya haya, ruba hawa hawa wakimla. Kisha ikafika Oktoba, mvua za kwanza.

"Halafu?" Nicolas aliuliza.

Maji yalivimba hatua kumi kutoka kwao. Mgongo mweusi wenye magamba ulitokea, ukatulia. Henriette aliinuka na fimbo ya mafunjo mikononi, akapiga maji, akapiga tena, akitukana kwa lugha zote tatu alizozijua. Mgongo haukusogea. Alipiga mpaka fimbo ikavunjika, akaokota nyingine. Wakati fulani, hakujua lini, mgongo haukuwepo tena, lakini aliendelea kupiga, na Nicolas nyuma yake alikuwa amefumba macho na haitiki akiitwa.

Alimlaza kichwa mapajani. Akamnywesha tone la mwisho. Akamwita nkambo, akamwita Nicolas, akamwita kwa jina la utoto ambalo watu wote walikuwa wamelisahau. Jua lilianza kushuka aliposikia mota. Chadrack alikuwa amesimama mbele ya mtumbwi wa mvuvi mmoja aitwaye Lambert, kifua kimechunika kwa dumu, akionyesha mafunjo kwa kidole.

Zahanati walimshona Nicolas nyuzi ishirini na sita na kumtundikia maji, na asubuhi ya tarehe nne homa ilikuwa imeshuka. Daktari alimkataza kusafiri. Alisafiri. Walifika Likasi kwa teksi-basi, bila udongo wa kaburi, mguu wake umenyooshwa juu ya magoti ya Henriette, na uani kwa Bibi Georgette watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Wazee walikuwa wameshakubaliana kwamba kosa ni la mvuvi. Chadrack alikuwa amekaa pembeni peke yake, kofia mkononi, wala hakuna aliyemkaribisha kiti.

Bibi alitaka kupiga magoti. Nicolas akamshika bega akamzuia. Akawaambia watu wote kwamba mvuvi hana kosa, kwamba yeye ndiye aliyeonyesha njia bila kuijua, na kwamba hawezi kusema habari za mtu asiyemjua.

"Mwenye kumujua ni Henriette," alisema. "Aseme yeye." Akakaa.

Uwanja mzima ukamgeukia Henriette. Hiki ndicho alichokitaka tangu akiwa na miaka saba: macho yote haya, na Nicolas amekaa chini akisubiri. Alisimama na barua mkononi, zimekauka zikiwa na mikunjo. Alimwona Chadrack pembeni. Alimwona Nicolas akimtazama kwa kumwamini.

"Mbele ya kusema," alianza, "kuko kitu. Chadrack aliuliza njia. Nicolas alionesha kushoto. Minye nilijua ni kuume. Barua ilikuwa hapa, ku kifua. Nilinyamaza. Nilinyamaza juu ya wivu, nilipenda apate haya, na alibakia kidogo kufa."

Mjomba mmoja alisimama, akakaa. Bibi Georgette alimwambia mjukuu wake wa kike kwa sauti ndogo kwamba inatosha, akae, mtu mwingine asome sala.

Nicolas alikuwa ameinamisha kichwa. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Hapana, nkambo," alimwambia bibi yake, ambaye siku zote alimwita Georgette, bila kumtazama Henriette. "Minye na yeye tutaongea siku ingine, na haitakuwa muzuri. Lakini aseme. Tangu nimezaliwa mulinipa huyu muntu, na hakuna hata mumoja aliniambia habari yake mpaka mwisho."

Henriette alisubiri mtu amzuie, hakuna aliyemzuia. Akawaomba wamletee Chadrack kiti, na kiti kilipoletwa akafungua barua ya mwisho. Mwandiko wake ulikuwa wa mvuvi aliyemzika, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuweza tena kushika kalamu.

"Hakukufa na risasi," alisema. "Alikufa na homa, siku tano, na aliogopa. Alikuwa anaita mama yake."

Nicolas akainua uso.