Wote Wakauinamia Mlango wa Stoo

Kofi lilinikuta katikati ya darasa.

Paaa!

Nilikuwa mstari wa nyuma, nimefunga mkanda mweupe mpya, bado mgumu kama kamba ya turubai, nahesabu ngumi na wenzangu. Sikumwona akiingia. Nilisikia tu viatu... na kwenye mkeka wa karate hakuna anayeingia na viatu.

"Umefurahi sasa?"

Nikashika shavu. Alikuwa Twiga. Twiga wangu! Shoga yangu niliyefunga naye mkanda wa kwanza tukiwa na miaka kumi na moja.

"Twiga, nimekukosea nini?"

"Mimi hujanikosea kitu. Ukumbi umefungwa. Nenda kauone. Tena beba na simu yako, si unapenda kurekodi!"

Akatoka bila kugeuka. Mkufunzi wetu, jamaa mwenye shingo kama gogo, akanitazama.

"Umemchukulia mume?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Ndugu zangu mnaonisoma, nawaambia mapema ili msije mkanionea huruma bure: kofi lile nililistahili. Tena lilikuwa dogo.

Nianzie mwanzo.

Nilijifunza karate kwenye ukumbi wa Mwalimu. Mtaani anaitwa hivyo tu, Mwalimu, kana kwamba walimu wengine wote ni wasaidizi wake. Ukumbi wenyewe ni chumba kirefu nyuma ya karakana ya seremala. Sakafu ya mbao. Ukuta wa mbele kuna picha ya mwalimu aliyemfundisha yeye. Ukuta wa kulia kuna mlango wa stoo, tunakoweka mafagio.

Mwalimu alimpa kila mwanafunzi jina. Twiga alilipata lake kwa urefu. Mimi nilikuwa mfupi, mwembamba, na nilikuwa nawaka haraka. Akaniita Kiberiti.

"Kiberiti, punguza moto! Ngumi siyo hasira. Ngumi unaituma, na unaisimamisha."

Nilifika mkanda wa kahawia. Kisha nikaenda chuo, nikaacha karate. Nilirudi nyumbani miaka minne baadaye nikiwa na cheti, sina kazi, na mwili mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa.

Nikajiambia, narudi kwenye karate. Lakini nirudi na mtindo gani? Siku hizi mjini kwetu ipo mitatu. Nikapata wazo: nijaribu kila mtindo wiki moja, nirekodi, niweke mtandaoni, niwasaidie wengine wanaotaka kurudi kama mimi.

Naapa nia yangu ilikuwa safi. Wafuasi wenyewe walikuwa mama mdogo, watu niliosoma nao, na wauza viatu.

Wiki ya kwanza nikaenda Goju. Pumzi nzito, mikono ya duara, mapigo ya karibu. Kuzuri.

Wiki ya pili, Kyokushin. Pale wanapigana kweli! Nilipigwa teke la paja, nikapanda ngazi za nyumbani kiubavuubavu kama kaa.

Wiki ya tatu nikaenda kwa Mwalimu, Shotokan. Misimamo mirefu, na ngumi inasimama unywele mmoja kabla haijagusa ngozi. Ukweli ni kwamba moyoni nilishachagua. Zile wiki mbili nilikuwa natembea tu. Pale ndipo nyumbani.

Alikuwa amesimama mlangoni. Kichwa cheupe chote.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Karibu, binti."

Binti? Nikasubiri aseme Kiberiti. Hakusema.

"Umewahi kucheza karate, binti?"

Iliniuma, jamani! Nikajua ananipiga kijembe kwa kuwa niliwaacha.

"Kidogo," nikajibu, kwa sauti ya baridi.

Nikaomba kurekodi. Akatabasamu.

"Rekodi. Watu wajue bado tupo."

Tukaanza kata ya nne. Kata, kwa wasiojua, ni mapigo yanayofuatana kwa mpangilio. Unapigana na maadui usiowaona, na ukimaliza lazima uwe umerudi pale ulipoanzia, uso mbele, ndipo uiname. Kata hii, baada ya kukinga mara ya tatu, unageukia kushoto.

Mwalimu akageukia kulia.

Na darasa zima, watu kumi na tisa, wakubwa kwa watoto, wakageukia kulia pamoja naye! Mimi peke yangu nikaenda kushoto, nikamgonga Twiga kifuani.

"Ni kushoto," nikanong'ona.

"Fuata tu."

"Lakini Twiga, ni kush..."

"Nimesema fuata!"

Wakamaliza wote wakiwa wameipa picha ubavu, wametazama stoo. Mwalimu akainama. Wote wakainama. Wakauinamia mlango wa stoo, kwa heshima zote, kama mkwe mbele ya mkwewe!

Darasa lilipoisha Twiga akanishika mkono wa nguo.

"Nina neno na wewe."

"Si useme."

Akamtazama Mwalimu, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwetu akikunja mkanda wake.

"Siyo hapa. Kesho. Tafadhali, usifanye kitu mpaka kesho."

"Haya."

Sikusubiri kesho.

Lile neno "binti" lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jioni ile nikajirekodi sebuleni nikiicheza kata vizuri, nageukia kushoto, halafu nikacheka. Nikaweka video mbili sambamba: upande mmoja mimi, upande mwingine wao na stoo yao. Nikaandika:

"Mkanda mweusi miaka thelathini, hajui kushoto na kulia. Mtindo huu nimeuvuka."

Nilijiita mkweli. Nilijiita jasiri kabisa!

Asubuhi simu ilikuwa ya moto. Video imesambazwa mara elfu kadhaa. Na komenti...

"Hii siyo Shotokan, ni Stookan!"

"Fagio, shikamoo!"

Twiga alinipigia mara kumi na moja. Sikupokea. Nikasema, ndiyo walimwengu hao, mtu akiinuka wanamvuta shati. Nikaenda kujiandikisha Kyokushin. Siku ya tisa ndiyo likaja lile kofi.

Nilikwenda ukumbini na shavu langu likiwa bado linawaka. Kufuli. Kubwa, jipya. Seremala alikuwa mlangoni kwake akizoa takataka za randa.

"Mzee, Mwalimu amehama?"

"Hajahama. Amejiona kwenye simu."

"Amejiona?"

Akaniangalia vizuri. Nadhani alinitambua, maana aliinamisha kichwa akaendelea kuzoa huku akisema.

"Mwaka wa pili huu kichwa kinamtoka kidogo kidogo. Majina yalianza. Kisha ikaja ile kata. Siku ya kwanza alipoikosea, wanafunzi wake walikuja kukaa hapa, juu ya mbao zangu. Wakakubaliana. Akigeukia kulia, tunageukia kulia. Asijue. Hata vile vitoto viliambiwa, na havikucheka. Hata kimoja."

Nikaligeukia lile kufuli.

"Unaiona ile?" Akanionyesha rafu ndogo mezani, bado haijapakwa rangi. "Waliniomba niichonge. Tulitaka kuhamishia picha juu ya mlango wa stoo. Ili wakiinama, wawe wanainama mahali pake."

Nikakaa chini, kwenye takataka za randa.

"Na wewe, mwanangu, ulikuwa na haraka gani?"

Swali hilo niliondoka nalo. Ninalo mpaka leo.

Kesho yake asubuhi nikaenda nyumbani kwa Mwalimu. Mkewe akafungua. Hakusema karibu. Alisema:

"Umekuja."

"Mama, nimeifuta ile video."

"Umefuta yako. Za watu je?"

"Mama, nisamehe. Najua imemuumiza kuiona..."

"Kuiona siyo shida, binti yangu." Sauti yake ilikuwa imechoka, haina hata hasira. "Shida ni kwamba anasahau kuwa ameiona. Nikiifuta kwenye simu yake, kuna mwingine anamtumia. Nikificha simu, analia. Kila asubuhi anaiona upya. Kila asubuhi, kwake, ni mara ya kwanza."

Alikuwa sebuleni, miguu mitupu, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Ndani ya ile simu nilikuwemo mimi, mdogo kama kidole, nageukia kushoto. Na Mwalimu wangu alikuwa ananifuata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, binti. Umewahi kucheza karate?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Basi njoo unisaidie. Huyu msichana anasema nimefundisha vibaya. Nimemtazama... anasema kweli. Ni kushoto." Macho yakamlowa. "Watu wangu wote wale. Mbona hawakuniambia?"

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Akaniwahi.

"Kulikuwa na mmoja, nilimwita Kiberiti. Mfupi hivi, anawaka haraka. Alikwenda chuo. Angekuwepo Kiberiti, asingekubali mtu amcheke mwalimu wake."

Mkewe akageukia ukutani.

Sikusema. Mniite mwoga, sawa. Nilivua viatu, nikasimama nyuma yake.

"Twende wote, Mwalimu."

Tukaanza. Kinga ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Akageukia kulia.

Nikageukia kulia.

Tukamaliza tumetazama pazia la jikoni. Tukaliinamia. Akapumua, akatabasamu kama zamani, kisha akaichukua simu iliyokuwa inajirudia pale pale.

"Hebu njoo uone, binti. Kuna msichana hapa anasema nimekosea."

Mlikuwa mnaniuliza nimechagua mtindo gani. Nimechagua ule ambao ngumi inasimama unywele mmoja kabla haijagusa. Nilifundishwa miaka saba. Nilishindwa mara moja tu, tena kwa kidole.

Ukweli nao ni ngumi. Kuwa nao si sababu ya kuutupa. Kwanza uliza unampata nani, na uliza mbona watu kumi na tisa wenye akili zao wamegeukia upande mmoja, wewe peke yako mwingine.

Twiga hajanisamehe. Simlaumu.

Ila nyie nawaomba kitu kimoja. Kama ile video bado unayo, ifute. Kama uliituma kwenye kundi, rudi ukaitoe. Leo hii.

Kwa sababu kesho asubuhi ataiona kwa mara ya kwanza.